Mlima Hauna Meneja Mmoja

Njia ya Marangu ndiyo pekee Kilimanjaro ambako mgeni analala kwenye vibanda badala ya hema. Vituo ni vitatu: Mandara, Horombo na Kibo. Tuseme, kwa hesabu ya darasani tu, kwamba Mandara ina vitanda 60, Horombo 120 na Kibo 60. Lango liruhusu wageni wangapi kwa siku? Mwenye haraka atajibu 60, maana hicho ndicho kipimo cha kituo kidogo. Kwa safari ya siku tano yuko sahihi: mgeni analala Mandara usiku mmoja, Horombo usiku mmoja, Kibo nusu usiku kabla ya kuamshwa saa sita kwenda kileleni, kisha anashuka kulala Horombo kwa mara ya pili. Sasa mshauri mgeni huyo aongeze siku moja Horombo ili mwili uzoee hewa nyepesi, jambo ambalo waongoza watalii wenye uzoefu hulihimiza. Horombo itamlaza mara tatu. Gawanya 120 kwa 3, unapata 40. Siku moja ya ziada imeondoa theluthi ya uwezo wa njia nzima, na kila usiku vitanda 20 vya Mandara na 20 vya Kibo vinabaki vitupu ingawa hakuna aliyevigusa.

Mkurugenzi asiyeijua hesabu hii atajenga kibanda kipya Kibo, maana ndiko kila mgeni anakotaka kufika, kisha atashangaa fedha zimekwisha na foleni ya langoni iko palepale. Kujua mahali pa kuweka kitanda kinachofuata ndiyo kazi ya somo liitwalo usimamizi wa uendeshaji, ambalo wanafunzi wa shahada ya kwanza ya biashara hulikuta, kwa kawaida, mwaka wa pili. Kanuni iliyo chini ya mfano wa Horombo ilithibitishwa kihisabati na John Little mwaka 1961: idadi ya waliomo ndani ya mfumo ni sawa na wanaoingia kwa siku, mara siku anazokaa kila mmoja. Wageni 40 mara usiku 3 ni 120. Haihitaji kompyuta. Inahitaji mtu aliyezoea kuuliza kila kitu kinakaa wapi na kwa muda gani.

Moshi ni mahali pazuri pa kulisomea somo hili kuliko miji mingi ya Tanzania. Hapa kuna chuo kilichoanza mwaka 1963 kufundisha watu wa ushirika, kikawekwa chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mwaka 2004, na tangu 2014 kinajitegemea kwa jina la Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Ukitoka langoni kwake, safari fupi ya gari inakufikisha kwenye mnada wa kahawa, kinu cha kukoboa, kiwanda cha sukari, skimu ya mpunga, hospitali ya rufaa ya KCMC na malango ya hifadhi. Hata hivyo, katika vyuo vyetu karibu vyote, somo lenyewe linatazamwa kama mtoto wa kambo. Mhasibu anaiona mbele yake bodi ya NBAA na herufi za CPA. Wa ununuzi na ugavi ana bodi yake, PSPTB, yenye mitihani na vyeti. Mtu wa uendeshaji hana bodi, hana herufi za kuweka baada ya jina, na matangazo ya kazi ya serikali ni nadra kumtaja. Kwa hiyo anayelisoma analisoma ili asipate sapu, mtihani wa marudio. Waliotoka tahasusi za ECA na EGM huvuka kwa fomula. Waliotoka HGL hukariri hatua za fomula na kumwomba Mungu namba zisibadilishwe kwenye mtihani wa mwisho, UE.

Si kosa lao peke yao. Tazama somo lilikotoka. Frederick Taylor, ambaye kitabu chake cha usimamizi wa kisayansi kilitoka mwaka 1911, aliwapima kwa saa vibarua wa viwanda vya chuma vya Marekani. Mwaka 1913 Henry Ford alianza kulipitisha gari mbele ya mfanyakazi badala ya mfanyakazi kulifuata gari, na muda wa kuunganisha chasisi moja ukashuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi kama saa moja na nusu. Mwaka huohuo mhandisi Ford Harris alitoa fomula ya kiasi cha bidhaa cha kuagiza kwa mara moja, ile yenye kipeuo cha pili inayowatoa wanafunzi jasho hadi leo. Baadaye Taiichi Ohno wa Toyota akaonyesha kwamba akiba kubwa stoo huficha matatizo ya kiwanda. Ni werevu, wote, na hakuna hata mmoja ambaye ningemwondoa kwenye mtaala. Lakini wote walifikiri ndani ya uzio mmoja, wenye mwenye mali mmoja, anayelipa gharama zote na kupata faida yote. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro uzio wa namna hiyo ni nadra sana. Maji, kahawa, mizigo na abiria hupita mikononi mwa watu wengi ambao hakuna anayemwajiri mwenzake, na mwenye uwezo wa kupunguza mkwamo mara nyingi si yule anayeumia kwa mkwamo huo. Hapo ndipo darasa linapaswa kukaa muda mrefu, na ndipo linapopita haraka.

Anza na kahawa, maana ndiyo iliyoujenga mji. Kihambani, kwenye shamba la nyumbani chini ya migomba, tunda bivu huchumwa kuanzia Julai hivi hadi kuelekea mwisho wa mwaka, kwa kurudiarudia, kwa sababu matunda ya tawi moja hayaivi siku moja. Likichumwa linapaswa kumenywa siku hiyohiyo. Buni zinachachushwa siku moja hadi tatu kutegemea baridi ya mahali, zinaoshwa, zinaanikwa kichanjani wiki moja hadi mbili. Kilo tano hivi za matunda zinabaki kilo moja ya kahawa ya maganda. Mkulima anaipeleka chama cha msingi, anapimiwa, anapata malipo ya awali na risiti. Kutoka hapo kahawa inasubiri gunia lijae, gunia linasubiri lori, lori linasubiri zamu kinuni. Inakobolewa, inapangwa madaraja, AA na A na B na PB na mengine, sampuli zinaonjwa, inaingia katalogi, inauzwa mnadani. Mnunuzi analipa, makato yanakatwa, na ndipo malipo ya mwisho yanapanda mlima kumrudia mkulima.

Iweke kanuni ya Little hapo. Tuseme chama kimoja kinapokea tani 2 kwa wiki, na tangu mkulima apime mpaka alipwe malipo ya mwisho zinapita wiki 10. Basi msimu ukishashika kasi, wakati wowote ule, tani 20 za kahawa ya watu ziko njiani bila kulipwa kikamilifu. Punguza wiki 10 ziwe 6, na thamani ya tani 8 inarudi mifukoni bila mtu kupanda mbuni hata mmoja. Semina nyingi za kuongeza uzalishaji hazijawahi kumletea mkulima kiasi hicho. Ajabu ni kwamba katika wiki hizo kumi, saa ambazo kahawa inashughulikiwa kweli, kupakiwa, kukobolewa, kuonjwa, ni chache mno. Zilizobaki ni za kungoja.

Nani azipunguze? Chukua hatua moja tu, ya lori. Katibu wa chama anajua kwamba safari ya lori kwenda mjini inagharimu karibu sawasawa likiwa limejaa au limefika nusu. Basi anasubiri lijae. Hii ndiyo fomula ya Harris kabisa: pima gharama ya kila safari dhidi ya gharama ya kuweka mali stoo, tafuta kiasi kinachofanya jumla yake kuwa ndogo kabisa. Kwenye karatasi ya mtihani jibu ni moja. Kwenye chama, gharama ya lori inatoka mfuko wa chama na katibu ataulizwa juu yake mkutanoni. Gharama ya kungoja inatoka mfuko wa mama aliyetaka ada ya Januari, na hakuna atakayeulizwa juu yake. Fomula inatoa jibu sahihi kwa mtu anayebeba gharama zote mbili, na mtu huyo hayupo. Kwa hiyo lori litasubiri zaidi ya inavyofaa, kila msimu, na hakuna uzembe wa mtu wa kulaumu. Mwalimu anayefundisha fomula hii Moshi bila kuuliza gharama ipi inatoka mfuko wa nani amefundisha nusu yake.

Mfano wa pili wa kahawa ni mgumu zaidi, nao ndio ningeufanya swali la mtihani. Kwa miaka mingi nyumba nyingi za mlimani zimekuwa zikimenya kahawa zenyewe kwa mashine ya mkono. Kila nyumba ina ndoo yake, maji yake, na makadirio yake ya lini buni zimechachuka vya kutosha. Chama kinachanganya yote ghalani, na kahawa ya nyumba moja iliyochacha kupita kiasi inaweza kuharibu ladha ya shehena ya majirani waliojitahidi. Wataalamu wa ubora, tangu Walter Shewhart alipochora chati yake ya kwanza ya udhibiti mwaka 1924, wanaliita hili tatizo la utofauti, wala si tatizo la uvivu. Dawa iliyoletwa kwa nguvu miaka ya 2000, hasa na vikundi vya Kilicafe iliyoanzishwa mwaka 2001, ilikuwa mashine za pamoja za kumenya, zinazojulikana kwa kifupi kama CPU. Wote wanaleta matunda, yanamenywa pamoja, yanachachushwa kwa saa zilezile, yanaanikwa vichanja vilevile. Ubora unapanda na wanunuzi wa kahawa maalumu wanalipa zaidi.

Lakini angalia kilichohama. Zamani mkulima alibeba kilo moja ya kahawa kavu kwenda chamani, siku aliyopenda. Sasa anabeba kilo tano za matunda mabichi, kwenye njia za mteremko zenye utelezi, na lazima leo. Wachumaji wote humaliza alasiri, kwa hiyo wote hufika mashineni jioni. Mashine inayokaa kimya tangu asubuhi inaelemewa kwa saa tatu. Ukinunua mashine kubwa kwa ajili ya saa hizo tatu, mtaji mwingi utalala; ukinunua ndogo, matunda yatalala hadi kesho na ubora uliouendea utapotea. Kuna pia maji mengi ya kumenyea na machafu yanayotoka, yanayotaka shimo la kuyapokea kabla hayajafika mtoni. Jibu jema linategemea umbali wa nyumba, idadi ya miguu na mikono ya familia, na kama mnaweza kukubaliana kwamba kitongoji hiki kichume Jumatatu na kile Jumanne. Suala la mwisho ndilo la bei nafuu kuliko yote. Ndilo linaloshindikana pia, kwa sababu linahitaji watu wakubaliane.

Kukubaliana ndiko kulikozaa ushirika hapa. Chama cha wakulima wenyeji wa kahawa, KNPA, ambacho Joseph Merinyo alikuwa mmoja wa viongozi wake, kilianza mwaka 1925. Chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikafuata mwaka 1933. Wanahistoria huisoma habari hiyo kama siasa ya Waafrika na walowezi, na ni haki yao. Mimi naisoma pia kama jitihada ya kuziweka gharama zilizotawanyika kwenye mfuko mmoja: dawa ya kupulizia, magunia, usafiri na soko vikafanywa shauri la pamoja. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika na mazao yakakabidhiwa mamlaka za mazao. KNCU ilirudi mwaka 1984. Miaka ile minane ni mfano wa darasani ambao haupatikani Harvard: zao lilelile, mlima uleule, mnyororo umebadilishiwa mwenyewe. Na baada ya biashara kufunguliwa katikati ya miaka ya 1990 likaja jaribio la upande mwingine, wanunuzi na vinu vya binafsi vikiongezeka huku kahawa ya Kilimanjaro ikipungua. Vinu vingi na kahawa kidogo: uwezo uliongezwa mahali ambapo hapakuwa na mkwamo. Mkwamo ulikuwa kihambani, kwenye mibuni iliyozeeka na vijana walioona malipo hayafiki kwa wakati. Wanafunzi walioushika mfano wa Horombo watakuwa wamekwisha kuutambua.

Kabla ya kahawa kulikuwa na mifongo, na ningetaka somo lianzie huko kama si kahawa kuwa na namba nzuri zaidi. Mfongo unachepusha maji juu kabisa ya mto, unayapitisha kandokando ya ukingo wa mlima kwa mteremko mdogo sana, bila pampu, hadi vihambani. Maji ya usiku hayaachwi yapotee. Yanakusanywa kwenye bwawa dogo, nduwa, ambalo Wapare huliita ndiva, ili asubuhi mtiririko uwe mkubwa wa kutosha kufika mbali. Hiyo ni akiba inayowekwa kwa makusudi ili kulainisha tofauti kati ya maji yanayokuja na maji yanayotakiwa, sawa na sura ya akiba katika kitabu chochote. Zamu zina utaratibu, na mfereji ukibomoka kuna msaragambo, kazi ya pamoja: asiyefika anatozwa.

Cha kuvutia ni kwa nini aliye juu akubali kumwachia maji aliye chini. Sababu moja ni kwamba mawe na majani ya banio husombwa na mafuriko, na wa juu hawatoshi kulijenga upya peke yao. Wanahitaji mikono ya wa chini. Elinor Ostrom, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alieleza jambo la namna hiyo kwa mifereji ya Nepal: mahali palipojengwa mabanio ya kudumu ya saruji, pengo la maji kati ya wa mwanzo na wa mwisho wa mfereji mara nyingi lilikua, kwa sababu wa mwanzo hawakuwa tena na haja ya vibarua wa mwisho. Mhandisi aliongeza uwezo na bila kujua akavunja mkataba. Kila mradi wa kusakafia mfongo ungepaswa kupitia swali hilo kabla ya kupitia kwa fundi.

Skimu ya Moshi Chini iliukuta ugumu huohuo kwa ukubwa wa kutisha. Ilikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, ikichukua maji ya mito Rau na Njoro kumwagilia mashamba ya Mabogini, Chekereni na jirani zao, viwanja vya hekta 0.3 vilivyosawazishwa vizuri, mitaro ya kuingiza na ya kutoa, ratiba ya zamu iliyochorwa kwa kitaalamu. Mavuno ya mpunga yalipanda kupita wastani wa nchi mara kadhaa. Kufaulu huko ndiko kulikoleta shida: wakulima wa juu ya mabanio, nje ya skimu, waliona mpunga unalipa, wakaanza kuulima wao pia, na maji yaliyofika mabanioni yakapungua. Sehemu ya skimu ikakosa maji ya kuilima kama ilivyokusudiwa. Ratiba ilikuwa nzuri kabisa ndani ya uzio wake, ila mto ulianzia nje ya uzio. Mbele zaidi chini, bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya Mto Pangani nayo inayasubiri maji yaleyale, na ofisi ya Bonde la Pangani inagawa vibali kati ya watu ambao hawajawahi kuonana.

Ni haki kuonyesha upande wa pili. TPC, kule Arusha Chini kusini mwa mji, ni kitabu cha kiada kilichojengwa kwa chuma. Wadenmark wa A.P. Møller waliianzisha miaka ya 1930, ikataifishwa, na mwaka 2000 ikauzwa kwa wawekezaji wa Mauritius huku serikali ikibaki na asilimia 25. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari, kwa hiyo unapaswa kufika kinuni ndani ya siku moja au mbili hivi. Kinu ndicho kinachoamua mwendo: wakataji wakizidi kasi, miwa inakauka uwanjani, wakipungua, kinu kinakula mafuta na mishahara bila kusaga. Makapi ya miwa yanachomwa kwenye matangi ya mvuke na kutoa umeme unaoendesha kiwanda, na ziada huingia gridi ya taifa. Matengenezo makubwa hupangwa wakati wa masika, mashamba yanapokuwa hayapitiki kwa magari. Shamba, barabara, kinu na umeme viko mfuko mmoja, na ndiyo maana fomula zote zinafanya kazi. Mwanafunzi anayetaka kuamini kwamba kitabu hakidanganyi aende TPC kwanza. Asiishie huko tu.

Akipanda kutoka huko kwenda milangoni mwa hifadhi atawakuta wagumu, wapagazi wa mlima, wakipimiwa mizigo kwenye mizani. Kikomo cha mzigo wa kampuni ni kilo 20. Kampuni inayopunguza mpagazi mmoja kwenye msafara inaokoa ujira wa siku sita. Uzito wa mzigo wake unagawanywa kwenye migongo ya waliobaki, endapo mizani haitazamwi. Gharama imehama mfuko tena. Na kuna jambo la msimu ambalo sijaona likijadiliwa vya kutosha: wageni hujaa Juni hadi Oktoba, na mchumo wa kahawa unashika kasi ndani ya miezi hiyohiyo. Mlima na kihamba vinashindania mikono ya kijana mmoja, na mlima unalipa mapema.

Kuhusu Desemba sihitaji kueleza sana. Wachaga wanarudi kwao kwa sikukuu, "kuhesabiwa" kama utani unavyosema. Kilomita zaidi ya 500 kutoka Dar es Salaam, mabasi yanapanda yamejaa na kushuka matupu. Januari kinyume chake. Basi linalorudi tupu limetumia karibu mafuta yaleyale, na nauli ya abiria mmoja inapaswa kubeba safari mbili, ila LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, imeweka ukomo wa nauli. Ndiyo maana malalamiko ya nauli za kificho hurudi kila mwaka kama sikukuu yenyewe. Kurejeshwa kwa treni ya abiria ya Dar es Salaam–Moshi mwezi Desemba 2019 kulisaidia kwa sababu behewa linaongezwa kwa wiki mbili na kuondolewa. Basi jipya huwezi kulinunua kwa wiki mbili.

Hospitali zimepata bahati ya kufikiwa na somo hili moja kwa moja. Mwishoni mwa miaka ya 2000, kuanzia Mbeya, Wizara ya Afya ilianza kueneza mbinu za Kijapani za 5S na Kaizen, na S zikapewa sura ya hapa: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Kabati za dawa zilipangika, mafaili yakapatikana. Ninachoogopa ni mbinu kugeuka mabango ya ukutani, kwa sababu foleni ya wagonjwa haitibiwi kwa kabati safi. Tuseme daktari mmoja anamhudumia mgonjwa kwa wastani wa dakika 10, na wagonjwa wanafika bila mpangilio. Nadharia ya foleni, iliyoanza na A. K. Erlang wa kampuni ya simu ya Copenhagen mwaka 1909, inasema kwa mfano wake wa kawaida: daktari akiwa na kazi asilimia 80 ya muda wake, mgonjwa anasubiri wastani wa dakika 40, akiwa na asilimia 90, dakika 90, akiwa na asilimia 95, dakika 190. Anayebana bajeti anaona daktari aliyetumika vizuri zaidi. Saa tatu za mgonjwa kwenye benchi haziingii kwenye vitabu vya mtu yeyote.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni uchumi wa siasa, na somo la uendeshaji libaki na fomula zake. Nawaelewa. Mwanafunzi asiyejua kukokotoa hawezi kujua kwamba siku moja ya Horombo inakula theluthi ya njia, na maneno mazuri juu ya ushirikiano hayatamsaidia. Sipendekezi kupunguza hesabu. Ningeiongeza, na ningeifanya kwenye lahajedwali badala ya kikokotoo cha mtihani, ili namba zibadilishwe mara mia na kuonekana zinavyoyumba. Ninachopendekeza ni safu moja ya ziada kwenye kila jedwali: mlipaji. Kila gharama iandikwe na jina la anayeibeba. Jedwali likiwa na jina moja tu, tumia Harris na ulale. Likiwa na majina matatu, kazi inayofuata ni kutafuta makubaliano, na hapo chuo kilichojengwa kwa ajili ya ushirika kina cha kufundisha kuliko shule nyingi za biashara duniani.

Kalenda imekwisha kuitengeneza nafasi ya kujifunza hivyo, ila haitumiki. Mafunzo kwa vitendo ya vyuo vyetu huangukia, kwa kawaida, kati ya Julai na Septemba. Ni wakati ambapo mchumo unaanza, TPC inasaga usiku na mchana, na malango ya hifadhi yana foleni. Wanafunzi wanakwenda wapi? Benki, TRA, halmashauri, ofisi yenye feni, ambako watapanga mafaili na kusubiri kugongewa muhuri. Hawana kosa: chama cha msingi hakina posho, hakiahidi ajira, na msimamizi kutoka chuoni anapata shida kupanda hadi huko kumkagua. Lakini wiki moja kati ya nane za mafunzo hayo inatosha. Mwanafunzi apewe gunia moja la kulifuata tangu mizani ya chama hadi kinuni, na daftari la safu tatu: saa za kazi, saa za kungoja, na nani anagharimia kungoja huko. Nakala moja ibaki chuoni kwa ajili ya alama, nyingine isomwe kwenye mkutano mkuu wa chama, kabla ya ajenda ya makato.